Baiskeli Isiyotoka Sebuleni

"Kitendawili," Kwamboka alisema kwenye simu.

"Mum, niko kazini."

"Aliye kazini hana mdomo?"

Huko Aberdeen, Fiona alishusha pumzi. Alikuwa binti yake wa pekee, muuguzi, na simu zake za mchana zilikuwa za kuibia kwenye korido ya wodi. "Haya, tega."

"Unampanda sebuleni, unamkimbiza mpaka jasho likutiririke, na ukishuka bado uko sebuleni."

"Hiyo ni baiskeli ya mazoezi, Mum, ambayo hujanunua. Nilikutumia picha. Ulizifungua?"

"Nilizifungua."

"Na?"

"Na nini? Picha siwezi kuikalia. Unataka ninunue kiti kabla makalio hayajakutana nacho."

"Mum, please. Ile yenye kiti cha kuegemea ni nzuri, huwezi kuanguka. Nikibonyeza sasa hivi, kesho iko mlangoni kwako."

"Usibonyeze kitu. Nitaenda kuziangalia mwenyewe. Za mitumba. Humu Birmingham zimejaa, watu wamezichoka, wanazitundikia nguo."

Fiona akacheka kidogo, mtu akamwita kwa jina, na simu ikakatika. Kwamboka akabaki amekaa kwenye kochi, mguu wa kulia umenyooka juu ya stuli kama mguu wa mtu mwingine aliyesahau kuuchukua.

Goti hilo lilikuwa limefanyiwa upasuaji. Miaka mingi alikuwa amefanya kazi ya kutunza wazee wa watu, kuwainua kutoka kitandani, kuwaingiza bafuni, kuwatoa bafuni, na goti lilikuwa likiyaweka yote hayo moyoni mpaka siku lilipokataa. Wakalifungua, wakaliwekea chuma, wakalifunga. Mtaalamu wa viungo, dada mmoja mwenye mikono baridi, alimwambia bila kuzungukazunguka: goti jipya linafundishika majuma haya ya mwanzo tu. Likishazoea kunyooka, basi. Baiskeli ya ndani ndiyo dawa, ya kuegemea au ya kukaa wima, yoyote ile, mradi kiti kipande na kushuka na gurudumu lisiwe na ubishi. Mradi aanze sasa.

Kwamboka alielewa. Si kwamba hakuelewa. Kila asubuhi alikuwa akishuka ngazi za nyumba yake kwa makalio, ngazi moja moja kama mtoto, na kila ngazi ilimkumbusha.

Lakini nyumba ile ya Northfield ilikuwa na ugonjwa mwingine ambao haukuwa na mtaalamu. Alipotoka hospitalini, watu wa kanisa walikuja wengi, wakaleta ugali na nyama kwenye masufuria yaliyofunikwa vitambaa, wakaimba, wakamwombea goti kwa sauti mpaka jirani akazima redio asikilize. Kisha zamu za kazi zikawameza. Huyu yuko usiku, huyu yuko mchana, huyu amehamia upande wa pili wa jiji. Sasa ibada aliitazama kwenye simu, akisema amina peke yake. Waliobisha mlango walikuwa wale wa kuleta vifurushi, na hao hawangoji mtu. Yeye na goti lake wakifika mlangoni wanakuta sanduku chini na mgongo wa kijana ukiingia kwenye gari.

Alichokitaka Kwamboka, kama angeulizwa na mtu asiyemcheka, ni mtu wa kumpigia hodi na kungoja jibu.

Ndiyo maana alipoona kwenye simu tangazo la baiskeli ya mazoezi kuukuu, haikuwa picha iliyomshika. Yalikuwa maneno yaliyoandikwa chini yake: karibu nyumbani uitazame. Aliyasoma, akaweka simu chini, akaichukua, akayasoma tena. Kumbe kuna watu katika jiji hili wanaokaribisha.

Akakanda unga wa mandazi.

*

Nyumba ya kwanza ilikuwa Shard End, mwisho kabisa wa jiji, mabasi mawili. Kwamboka alivaa gauni la kanisani. Mkononi alikuwa na fimbo, na begani mfuko wenye mkebe wa biskuti uliojaa mandazi yenye iliki, yakiwa bado na joto.

Sasa huo mkebe, ni lazima uujue. Kwao Kisii, na mbali zaidi ya Kisii, hakuna anayerudisha chombo cha mwenzake kikiwa kitupu. Ukipelekewa maziwa, chombo kinarudi na mahindi mabichi. Ukipelekewa mahindi, kinarudi na ndizi. Na kwa kuwa chombo kikirudi na kitu nawe hukirudishi kitupu, basi kinakwenda na kurudi mpaka nyumba mbili zinakuwa na njia kati yake, nyasi zimekufa kwa kukanyagwa. Kule nyumbani wanawake huandika majina chini ya vyombo vyao kwa rangi ya kucha, visipotee kwenye harusi na matanga. Kwamboka alikuwa amechukua rangi nyekundu ya Fiona iliyosahauliwa kwenye droo, akaandika chini ya mkebe KWAMBOKA, na chini ya jina namba ya nyumba na mtaa. Asije mtu akasema alikosa njia.

Aliyefungua alikuwa kijana wa Kizungu mwenye kandambili. Hakumpitisha ndani. Alimzungusha nyuma mpaka gereji, akawasha taa. Baiskeli ilikuwa imesimama kati ya makopo ya rangi na kitanda cha mtoto kilichovunjwa.

"Jipe muda," akasema yule kijana, akatoa simu yake.

Kwamboka akaishika baiskeli kama anavyoshika ng'ombe sokoni. Akazungusha pedali kwa mkono, mnyororo ukalia. Akajaribu kupandisha kiti, chuma kilikuwa kimeshikana kwa kutu. Ilikuwa mbovu, na kwa mbovu hakuna ugomvi. Akafungua mfuko wake.

"Hii ni nini?" kijana akauliza.

"Mandazi. Ni yako."

"Sikuagiza kitu."

"Hayaagizwi, mwanangu. Nimekuja kwako, siwezi kuja mikono mitupu."

Kijana akaupokea mkebe kwa mikono miwili, mbali na kifua, kama mwanamume aliyepewa mtoto wa watu amshike kidogo. Akasema asante, akasema tena asante. Kwamboka akarudi Northfield kwa mabasi yake mawili akiwa na furaha, akihesabu kwa akili: leo wanakula, kesho wanaosha, keshokutwa huenda akapita.

Hakupita.

Nyumba ya pili ilikuwa Longbridge, kwenye zile nyumba mpya zilizojengwa palipokuwa na kiwanda cha magari. Mume na mke, vijana, na mbwa mwenye nywele machoni. Hawa walimwingiza ndani! Alikaa kwenye kochi lao. Akaomba maji, akapewa kwa glasi nzito. Baiskeli yao ilikuwa karibu mpya, gurudumu lake halina sauti, kiti kinapanda kwa kidole, na mbele ina skrini ya kumwonyesha mpandaji milima ya nchi za watu. Kwamboka alipanda, akatikisa pedali nusu kwenda mbele na nusu kurudi nyuma, kwa maana goti lilikuwa bado halikubali kuzunguka. Alishuka, akauliza habari za mbwa. Wakamwambia jina lake, anachokula, anachoogopa. Akauliza kama mbwa ana ndugu. Mke akacheka sana. Kwamboka akapanda tena, akashuka tena. Ilikuwa baiskeli nzuri kuliko alivyotegemea, na kila alipoiona nzuri moyo uliingia baridi, kwa sababu akisema ndiyo, kazi imekwisha, na atakuwa hana tena sababu ya kukaa kwenye kochi la mtu.

"Nitafikiria," akasema, akaacha mkebe.

"Mum, hiyo ya Longbridge ilikuwaje?" Fiona aliuliza jioni, uso wake ukiijaza simu.

"Ina kutu."

"Umesema ni mpya."

"Kutu ya ndani."

Na baada ya hapo akaenda kuangalia nyingine, na nyingine tena. Moja alisema ni fupi. Moja alisema ina kelele. Moja, Mungu amsamehe, alisema ina harufu ya mwenyewe. Kabati lake la jikoni likaanza kuonyesha mbao zake za nyuma. Mkebe wa biskuti za Krismasi ukaenda, mkebe wa chai ukaenda, hata ule wa plastiki wenye kifuniko cha buluu ambao Fiona alikuwa akiwekea ndege wa bustanini chakula. Yote ilikuwa huko mjini na jina lake jekundu chini, na hakuna hata mmoja uliojua njia ya kurudi.

Nalo goti likawa linajifunza lile lililokatazwa. Asubuhi moja alijaribu kuvaa soksi na mkono haukufika mguuni.

*

Kisha mkebe mmoja ulirudi.

Kwamboka alikuwa juu, akasikia kama kitu kimegusa mlango. Akashuka kwa makalio haraka kadiri makalio yanavyoweza, akafungua. Barabara ilikuwa tupu. Kwenye ngazi ya mlango palikuwa na mkebe wa wale vijana wa Longbridge, umewekwa vizuri katikati, usiangushwe na mtu.

Hakuufungua pale nje. Aliuingiza jikoni, akauweka mezani, akakaa. Alitaka kwanza kukisia. Biskuti? Hawa wangeleta biskuti. Au vipande viwili vya keki vilivyofungwa kwa karatasi. Akautikisa taratibu karibu na sikio.

Akaufungua.

Ulikuwa umeoshwa ukang'aa. Hata ile kona ya ndani ambayo yeye mwenyewe hakuwahi kuifikia, walikuwa wameifikia. Ulinukia sabuni ya ndimu. Ndani hamkuwa na kitu.

Walikuwa watu wazuri, na Kwamboka alilijua hilo. Wamepanda basi au wametoa gari, wamesoma jina lake chini ya chombo, wametafuta mtaa wake, wamerudisha mali ya mtu ikiwa safi. Huko kwao huo ndio uungwana, na hakuna aliyewaambia kingine. Yote hayo aliyajua. Lakini mkono wake uliingia ndani ya mkebe, ukapapasa chini, ukatoka.

Siku hiyo hakupika. Alikula mkate na chai ya rangi, na Fiona alipopiga simu, Kwamboka alisema analala mapema.

*

Bibi Lakhbir, mwenye tangazo lililofuata, alikuwa akiishi hapo hapo Northfield, mitaa michache nyuma ya maduka. Kwamboka alikwenda kwa mguu, akipumzika kwenye kila ukuta mfupi. Nusura asiende. Mandazi aliyatia kwenye mkebe ule ule uliorudi, kwa kuwa ndio uliobaki.

Aliyefungua mlango alikuwa mwanamke wa Kipunjabi wa umri wake, mfupi, nywele nyeupe zimesukwa mkia mmoja, sweta la kiume limemfika magotini. Alimtazama Kwamboka, akaitazama fimbo, akasikia jinsi alivyosema habari za mchana kwa Kiingereza.

"Wewe," akasema kwa Kiswahili, "natoka Kenya."

Kwamboka akashika fremu ya mlango.

"Kiswahili yangu iko na kutu," Lakhbir akaendelea, akiwa tayari amemshika mkono na kumvuta ndani. "Mimi nazaliwa Nakuru. Baba yangu iko na duka ya mbao. Naondoka mimi mtoto ya shule. Kaa, mama. Hapana hapo, hapo springi ya kochi naumiza. Hapa. Mguu nini?"

"Goti, dada yangu. Wameweka la chuma."

"Mimi mbili!" Lakhbir akavuta suruali yake juu bila aibu, akaonyesha makovu mawili yaliyonyooka. "Hii miaka mingi, hii juzi. Nasikia mvua kabla ya televisheni."

Kwamboka alicheka, na kicheko kilimtoka kikubwa kuliko alivyokikusudia, kama mlango uliokuwa umekwama. Chai ililetwa, imechemshwa na maziwa na tangawizi, si ile ya kuzamisha kijifuko. Mkebe ulifunguliwa. Lakhbir aliuma andazi, akafumba macho, akasema neno kwa Kipunjabi ambalo halikuhitaji kutafsiriwa.

Kwenye sebule hiyo palikuwa na baiskeli mbili, bega kwa bega. Moja ya kuegemea, pana, ina kiti chenye mgongo kama cha kwenye gari. Ya pili ya wima, nyembamba, tandiko limefunikwa kitambaa kilichofumwa kwa mkono. Ile pana ilikuwa ya mumewe, Lakhbir alisema. Yeye na mzee walikuwa wakipanda pamoja kila jioni, taarifa ya habari ikianza, na mzee akidanganya kwamba amefika mbali kuliko yeye. "Sasa mzee nakufa. Mimi napanda, natazama hii kiti, nashuka."

Pia palikuwa na masanduku ya karatasi kwenye ngazi, mengine yamefungwa kwa gundi. Kwamboka aliyaona. Akaamua macho yake yalikuwa yakitazama kingine.

"Kitendawili," akasema haraka.

Lakhbir akaacha kutafuna. Kitu kikapita usoni pake, cha mbali sana. "Tega!"

"Mchana yuko uchi. Jioni anavaa koti lisilo lake."

"Mchana uchi..." Lakhbir akawaza, akapiga paja. "Mlevi."

"Mlevi ana koti lake."

"Mlinzi! Askari ya usiku."

"Siye."

"Mimi nashindwa."

"Basi nipe mji."

"Mji?" Akalipata alilokuwa akilitafuta, uso wote ukafunguka. "Ee! Napewa mji! Yaya yetu alikuwa nafanya hivyo. Chukua Nakuru. Chukua yote, na duka ya baba."

Kwamboka akaketi wima, akaanza kutamba kama inavyotakiwa. "Nimeenda Nakuru. Nimeshuka asubuhi, baridi imenipokea. Nimepita sokoni, akina mama wa viazi wameniita mteja. Nimefika duka la mbao, linanukia msonobari, mzee mwenye kilemba amenipa kiti. Ameniuliza, Lakhbir hajambo? Nikamwambia hajambo, isipokuwa hajui kulabu ya mlangoni ya kutundikia makoti."

Lakhbir alicheka huku akifuta macho kwa mkono wa lile sweta, na ilikuwa vigumu kusema kipi kilianza kabla ya kingine.

Kisha walijaribu baiskeli. Ile ya kuegemea ilimpokea Kwamboka kama kitanda. Mgongo ukalala, mguu ukanyooka mbele, hakuna pa kuangukia. Fiona angepiga makofi. Lakhbir alisogeza kiti nyuma kidogo, akamwonyesha jinsi ya kutikisa pedali bila kulazimisha. "Hii. Kwa goti yako, hii ni raha."

Ni kweli, ilikuwa raha. Lakini akiwa amelala hivyo, Kwamboka aliona magoti yake, na mbele ya magoti, televisheni iliyozimwa, na ndani ya televisheni, mwanamke mzee amelala kwenye kiti. Akashuka. Akapanda ile ya wima, Lakhbir akimshika kiuno. Kiti kilikuwa juu. Akajikuta ameinuka kuliko alivyoinuka tangu upasuaji, na juu ya kizingiti cha dirisha akaiona barabara yote: mapipa ya taka, mama akimfunga mtoto zipu, paka chini ya gari, watu wawili wakibishana juu ya nafasi ya kuegesha. Akatikisa pedali, mbele nusu, nyuma nusu. Akashuka. Akarudi kwenye ile pana. Akashuka. Akaomba chai nyingine. Akasema hebu ajaribu tena ile nyembamba. Nje taa za barabarani zilikuwa zimewaka.

Lakhbir alikunja mikono.

"Mama. Wewe napanda, nashuka, napanda, nashuka. Sasa sema kweli. Nataka baiskeli, au nataka chai?"

Hakusema kwa ubaya. Lakini hakuna aliyewahi kumuuliza, si Fiona, si mchungaji, na Kwamboka hakuwa na uongo uliokuwa karibu.

"Chai," akasema.

Lakhbir akaitikia kwa kichwa taratibu. Akaja akakaa karibu naye, magoti manne ya mashaka yamepangwa mstari mmoja. "Mimi pia. Lakini mimi nahama. Kijana yangu iko Leicester, nakuja na lori Ijumaa. Nyumba imeuzwa. Ungekuja mwaka jana, mama. Ungekuja mwaka jana nyumba hii yote chai."

"Nilikuwa hapa mwaka jana," Kwamboka alisema. "Mitaa michache tu hapo."

"Sasa najua."

Kisha Lakhbir aliinuka, akachukua ule mkebe, akayahamisha mandazi yaliyobaki kwenye sahani. Akaenda jikoni. Kwamboka alisikia makaratasi yakifunguliwa. Mkebe ulirudi umejaa chevda, ule mchanganyiko mkavu wa Kihindi wenye pilipili, mpaka juu, imeshindiliwa kwa kiganja, kifuniko kikifungwa kwa nguvu. Alikuwa anajua. Kati ya watu wote wa jiji lile, huyu alikuwa anajua, na kwa kuwa alikuwa anajua na muda hakuwa nao, alilipa palepale ili asiondoke na deni.

Kwamboka akaupokea kwa mikono miwili. Ulikuwa mzito.

"Nipe hiyo yako," akasema. "Nyembamba."

"Lakini goti..."

"Goti litapanda."

*

Vijana wa lori waliileta Ijumaa, wakiwa njiani. Lakhbir alikuwa kiti cha mbele, kati ya mwanawe na dereva, na hakushuka kwa kuwa barabara ilikuwa finyu na magari yalikuwa yakipiga honi nyuma. Alinyoosha mkono dirishani, Kwamboka akaushika, lori likaanza kwenda, mikono ikaachana.

"Wapi mama?" waliuliza waliobeba.

Fiona alikuwa amesema chumba cha nyuma, penye zulia. Kwamboka alionyesha sebuleni, mbele ya dirisha kubwa. Walipoondoka alipanda kwenye kistuli, jambo ambalo mtaalamu wa viungo angemgombeza, akaling'oa pazia la wavu ambalo miaka yote lilikuwa likimficha yeye na kuficha barabara. Kule kwao mtu hukaa mbele ya nyumba. Anayepita anakuona, unamwona, mnasalimiana hata kama hamna la kusema. Huku watu hukaa nyuma, kwenye bustani yenye ua mrefu, na upande wa mbele wanauachia mapipa.

Basi kila asubuhi akawa anapanda. Mbele nusu, nyuma nusu. Pedali ilifika mahali, goti likasema hapana, ikarudi. Aliinua mkono kwa kila aliyepita. Mzee wa mbwa hakutazama. Wasichana wa shule walitazama, wakaambiana kitu, wakaongeza mwendo. Wengi walikuwa na vichwa kwenye simu, na mkono wake ulipanda na kushuka bila mtu, mpaka mwenyewe akaona haya, akawa anauinua kidogo tu, kama anayepangusa kioo.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na kituo cha basi. Hapo alisimama kila asubuhi mwanamke mmoja mwenye koti la kijani, umri wa Fiona, kitambulisho cha kazi kikining'inia shingoni, nyaya nyeupe masikioni. Huyo macho yake yalikuwa yakipita juu ya dirisha kama yanavyopita juu ya ukuta. Kwamboka alimwinulia mkono siku ya kwanza, na ya pili. Baadaye akaacha kumwinulia, akawa anamtazama tu. Alijua lini amechelewa, lini amelala vibaya. Basi linakuja, linamchukua, barabara inabaki.

Asubuhi moja ya manyunyu alikuwa amefungua kidirisha cha juu apate hewa, kwa maana jasho lilikuwa limeanza kumtoka. Akasukuma. Pedali ikapanda, ikafika pale inapokatazwa, na Kwamboka akawa tayari kuirudisha nyuma. Haikurudi. Ilisita, goti likauma kama linalomuuma mtu aliyeliamsha, kisha mguu wake ukapita juu, ukateremka upande wa pili, ukazunguka mpaka chini. Akaduwaa. Akasukuma tena. Ukazunguka tena.

Kwamboka akatupa kichwa nyuma, akapiga kigelegele.

Alikipiga kama kinavyopigwa bibi harusi anapotoka ndani, mkono kooni, ulimi ukicheza, sauti ikipita kidirishani na kutoka nje kwenye manyunyu. Akanyamaza apumue. Na hapo akagundua anangoja. Kigelegele huanzwa na mtu mmoja, kikapokewa na mwingine, na mwingine, mpaka uwanja wote unalia. Yeye alikuwa ameanza na alikuwa anangoja wakipokee.

Jokofu likanguruma jikoni. Na hakuna mwingine.

Akakipiga tena, kifupi, ili cha kwanza kisibaki peke yake. Alipofungua macho aliona yule mwanamke wa koti la kijani ameondoa nyaya masikioni na anamtazama. Anamtazama kabisa, mdomo wazi. Kwamboka hakuwahi kuyaona macho yake yakimtazama. Akainua mkono. Lakini basi likaja, likasimama kati yao, likamfunika. Milango ikafunguka, ikafungwa. Lilipoondoka kituo kilikuwa kitupu.

"Haya, nenda salama," Kwamboka alisema.

Mlango ukagongwa.

Ulikuwa mgongo wa kiganja, mara nyingi, bila kupumzika, si kama wale wa vifurushi. "Nakuja!" Kwamboka alipaza sauti kwa Kiswahili, kisha Kiingereza, kisha hata Kikisii. "Nakuja, usiende, nakuja!" Mguu mmoja ukatafuta sakafu, ukaikosa, ukaipata. Fimbo ilikuwa mbali, akaiacha. Akashika kochi, akashika ukuta, akashika kulabu ya makoti. Mlango bado ulikuwa ukigongwa.

Akafungua. Yule mwanamke wa koti la kijani alikuwa amelowa, anahema, simu mkononi.

"Kuna mtu humo ndani amekuumiza?" akauliza kwa Kiingereza chao cha Birmingham. "Nimekuona unapiga mayowe, umejishika koo. Polisi nimeshawabonyezea tisa mara mbili, imebaki moja."

"Hapana," Kwamboka alisema. "Usibonyeze. Ilikuwa furaha."

"Furaha?"

"Kwetu furaha tunaipiga hivyo."

Yule mwanamke alimtazama, akatazama nyuma ya bega lake, ndani, kuona kama ni kweli. Aliona baiskeli mbele ya dirisha, pedali bado zikiyumba. Simu ikashuka taratibu.

"Basi lako limeondoka," Kwamboka alisema. "Pole sana, mwanangu."

"Lipo lingine." Akafuta maji usoni. Akawa kama anayetaka kugeuka, hakugeuka. "Furaha ya nini?"

Kwamboka akaonyesha goti. Akatafuta neno la Kiingereza, na mengi aliyokuwa nayo yalikuwa yamemkimbia. "Limezunguka," akasema. "Leo. Lilikuwa linakataa, leo limezunguka, lote."

Mwanamke akaliangalia goti chini ya gauni kwa muda, jinsi mtu anavyoangalia kitu alichoambiwa ni cha thamani. Manyunyu yalikuwa yakimwingia shingoni.

"Nionyeshe," akasema, akaanza kufuta viatu vyake kwenye mkeka wa mlangoni, kimoja, halafu kingine.